Kuishi ndani ya tela si utalii

Mazungumzo ya leo yametokana na barua. Mama mmoja wa Mwanza ameniandikia kwamba mwanawe, ambaye ni muuguzi huko Marekani, amempigia simu akamwambia kuwa amechoshwa na kodi za nyumba. Sasa anataka kununua nyumba ndogo ya kukokotwa nyuma ya gari, aishi humo yeye na mkewe, wawe wanahama nayo kila kazi inapohama. Mama hakupata usingizi mzuri siku ile. Anauliza swali moja tu: je, mwanangu amefilisika, au amegeuka mtalii?

Mama, hajafilisika, wala hajageuka mtalii. Hospitali nyingi za Marekani huchukua wauguzi kwa mikataba mifupi, na mingi ya mikataba hiyo ni ya wiki 13. Ikiisha, muuguzi anahamia mji mwingine, pengine jimbo jingine kabisa. Sasa wenye nyumba wengi wanataka mkataba wa mwaka mzima, na wale wanaokubali miezi mitatu wanatoza bei ya kukomoa. Ndiyo maana wauguzi kadhaa wameona bora wavute nyumba yao wenyewe. Mwanao amefikiri kama mtu mwenye akili. Lakini kufikiri vizuri ni jambo moja, na kujua unachokinunua ni jambo jingine, na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Nasema haya kwa kuwa mdogo wangu na mkewe waliishi hivyo kwa miaka miwili. Mwaka 2019 niliwatembelea, tukasafiri pamoja kutoka Minnesota, kaskazini kabisa karibu na Kanada, hadi Arizona kule jangwani kusini. Nilikaa nao wiki tisa. Mchana nilikuwa ndani ya tela lao, na usiku nililala katika hema dogo kando yake, maana adabu zetu haziruhusu kaka mtu kulala chumba kimoja na shemeji yake, hata kama chumba chenyewe kiko Marekani. Majirani wazungu walidhani tumegombana.

Tela lenyewe lilikuwa la faibaglasi, urefu wa mita 4 ukihesabu na shingo yake, na kwa ndani kama mita 3 kwa 2. Humo kuna kitanda, meza, jiko la mafiga mawili, friji na sinki. Matela ya namna hii yalianza kutengenezwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, kwa jina la Boler. Bodi lake ni vipande viwili tu, cha chini na cha juu, vilivyofunikizwa kama maganda ya karanga. Kwa kuwa maungio ni machache, mahali pa kuvujia nako ni kuchache. Matela mengine, yenye fremu ya mbao iliyogongewa mabati laini, huwa na maungio kila pembe, na maji yakishapenya mahali pamoja mbao huoza kimyakimya. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayenunua la mitumba: usiangalie rangi. Panda ndani, kanyaga sakafu kwenye kila kona, bonyeza kuta chini ya madirisha kwa kidole gumba. Pakibonyea, shuka uende zako. Mdogo wangu aliliacha tela moja la bei rahisi sana kwa sababu hiyo, ingawa muuzaji alikuwa amelipaka rangi likang'aa kama bakuli la sherehe.

Wala jambo lenyewe si geni kabisa katika bara letu. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwenye kiwanda cha matela ya Airstream, aliongoza msafara wa matela zaidi ya 40 kutoka Cape Town. Walipita Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, hata wakaegesha mbele ya mapiramidi ya Misri mwaka 1960. Wale walikuwa watalii kwelikweli, na nyuma yao kulikuwa na mafundi na vipuri. Mtoto wa mama huyu atakuwa na jeki na spana zake tu.

Jambo kubwa la kulielewa ni kwamba tela dogo ni nyumba isiyosamehe. Nyumbani ukiongeza kabati, ukuta hauyumbi. Ukifunga madirisha yote usiku, hewa bado inapita chini ya mlango na kwenye matundu ya dari. Ndani ya tela kila kilo inahesabiwa na kila pumzi inahesabiwa, na hesabu ikikosewa anayelipa ni mwenye kulala humo.

Tuanze na kilo. Kila tela lina kibao kinachoonyesha uzito wa juu linaoruhusiwa kufikisha likiwa na kila kitu ndani. Muuzaji atakutajia uzito wa tela tupu, kwa sababu ndio unaopendeza. Tuseme kibao kinasema kilo 1,360 na tela tupu lina kilo 1,000. Umebakiwa na kilo 360, na mtu atasema hizo ni nyingi. Hebu tuhesabu. Tangi la maji la lita 45 ni kilo 45, maana lita moja ya maji ni kilo moja, hapo hakuna mjadala. Mtungi wa gesi ya kilo 9, ukijumlisha na chuma chake, unafika kilo 17. Betri moja ni kilo 25 au 30. Kiyoyozi cha juu ya paa na turubai la kivuli mara nyingi vimefungwa baadaye na havimo katika ule uzito wa tela tupu. Halafu weka godoro, mablanketi, sufuria, sare za kazi, vifaa vya fundi, vitabu vya mitihani, na kwa Mtanzania weka gunia la mchele, kwa sababu dukani gunia ni nafuu kuliko pakiti. Kilo 360 zimekwisha na bado hujaweka cherehani ya shemeji.

Huku kwetu lori linalazimishwa kupanda mizani, dereva apende asipende. Kule, tela dogo la mtu binafsi aghalabu halipimwi na yeyote. Kwa hiyo ni wewe mwenyewe unayepaswa kulipeleka kwenye mizani ya malori, ambayo ipo kwenye vituo vingi vikubwa vya mafuta, ukalipa dola chache na kupewa karatasi. Mdogo wangu alipima kabla ya kila safari ndefu. Karatasi ikimwambia amezidisha, kitu kinashuka, na hapakuwa na majadiliano. Na si tela peke yake. Gari linalovuta nalo lina kiwango chake kilichowekwa na kiwanda, na gari dogo la familia linaweza kulisogeza tela barabarani tambarare bila shida lakini likashindwa kulisimamisha mteremkoni.

Uzito ukishatosha, swali linalofuata ni umewekwa wapi. Hili msukuma mkokoteni wa Kariakoo analijua kuliko profesa. Akipakia mzigo mwingi nyuma ya ekseli, vile vishikio vinamnyanyua yeye miguu juu. Akipakia mbele mno, mikono inavunjika. Kwa matela ya Marekani kanuni ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iegemee kwenye shingo, yaani pale tela linapoungana na gari. Tela la kilo 1,300 liweke kati ya kilo 130 na 195 kwenye shingo. Ukipungukiwa hapo kwa sababu umejaza vitu vizito nyuma, tela litakwenda vizuri mpaka siku lori kubwa litakapokupita kwa kasi. Ule upepo wa lori unalisukuma tela pembeni, linarudi, linasukuma mkia wa gari, gari nalo linalijibu, na kila mrudio unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Wapo waliopinduka namna hiyo kwenye barabara iliyonyooka, mchana kweupe.

Likianza kuyumba hivyo, mwili wako wote utakuambia kanyaga breki. Usikanyage. Wala usiongeze mwendo kwa kudhani utalinyoosha. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ubaki wima, na kama una kile kidhibiti cha breki za tela karibu na usukani, kivute kwa mkono ili tela peke yake lishike breki na kulivuta gari kwa nyuma. Likitulia, egesha pembeni, fungua mlango, hamisha mizigo.

Kuhusu miteremko sina haja ya kusema mengi kwa msikilizaji aliyewahi kushuka Kitonga. Kule tulishuka kutoka Flagstaff, mji ulio juu ya mita 2,100, hadi Phoenix iliyo kama mita 330 tu, safari ya saa mbili na ushee. Madereva wetu wa malori husema gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia, na gari lisilo na klachi nalo lina gia za chini za kuchagua. Breki zikishikwa mfululizo huchemka, zikichemka huacha kushika. Mdogo wangu alishuka taratibu huku magari yakimpigia honi, naye hakujali.

Matairi ya tela yanastahili neno la pekee, na hili hata wewe usiye na tela utalitumia kesho. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi yanayoanza na herufi DOT, na mwisho wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2318 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tela husimama juani miezi mingi bila kutembea, kwa hiyo kashata za tairi zinabaki nzuri kama mpya huku mpira wenyewe umekauka na kupasukapasuka. Wenye kujali hubadilisha baada ya miaka mitano au sita, hata kama tairi bado linapendeza macho. Tena matairi mengi ya tela hayakutengenezwa kwenda zaidi ya kilomita 105 kwa saa, ingawa barabara zao nyingine zinaruhusu zaidi ya hapo. Ukinunua tairi la mitumba pale Ilala, inama usome tarakimu hizo kabla hujatoa pesa.

Asubuhi ya kuondoka, mdogo wangu na mkewe walikuwa na utaratibu ambao niliupenda. Mume anaunganisha tela: shingo imeketi sawasawa kwenye kile kichwa cha chuma na kufuli limefungwa, minyororo miwili imepishanishwa chini ili kama kiungio kikichomoka shingo iangukie kwenye minyororo badala ya lami, na waya ule mwembamba wa kushika breki endapo tela litakatika umefungwa kwenye gari. Halafu mke anakuja kukagua yote upya kama vile hamwamini. Naye mke akishafunga gesi, madirisha, kabati na friji, mume anaingia kukagua. Karatasi ya orodha imebandikwa mlangoni. Wakati huo hakuna ruhusa ya kuwasemesha, hata salamu. Na safarini hakuna mtu anayekaa ndani ya tela, kwani majimbo mengi yanakataza, na hata pasipokatazwa ni upumbavu.

Sasa hewa. Hapa ningeomba mama wa Mwanza asikilize kwa makini, maana uzito huua barabarani mbele za watu, lakini hewa huua usiku.

Kila mwaka majira ya baridi yakifika Makete, Njombe na Mbeya, tunasikia habari ya watu walioingiza jiko la mkaa ndani, wakafunga mlango, wasiamke. Kinachowaua ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mtu hasikii kubanwa, husikia usingizi. Chumba cha mita 3 kwa 2 kinajaa sumu hiyo upesi kuliko nyumba yoyote. Kwa hiyo mkaa hauingii ndani ya tela, hata ukiwa umebaki majivu mekundu tu. Jenereta haliwekwi chini ya dirisha. Na jiko la gesi la kupikia haligeuzwi kuwa la kuotea moto, hata kule Minnesota ambako mwezi Oktoba tu nilikuta barafu juu ya hema langu. Kuna kengele ya tahadhari inayonusa sumu hiyo, na lazima iwemo. Igeuze usome nyuma, kwa kuwa nayo ina tarehe ya kuisha muda wake. Kengele iliyopita tarehe ni pambo la ukutani.

Gesi ya mtungi yenyewe ni jambo jingine. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutambaa sakafuni kama maji na kutulia huko. Ndiyo maana kengele yake huwekwa chini karibu na sakafu, wala si darini. Maungio ya mpira wa gesi hupimwa kwa povu la sabuni, palipo na uvujaji povu litatoa mapovu makubwa. Kiberiti si kipimo. Mtungi mdogo wa kuzimia moto ukae karibu na mlango, na kila mlalaji ajue kulifungua lile dirisha la dharura gizani, si kwa kusoma maelekezo.

Lipo jambo ambalo wengi hawalitarajii: moto wa gesi huzaa maji. Kilo moja ya gesi ya propeni ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Ongeza pumzi za watu wawili usiku kucha na chai ya asubuhi. Mvuke huo ukikutana na ukuta wa baridi unakuwa matone, unashuka hadi chini ya godoro, na baada ya wiki chache kuna kuvu jeusi na kifua kinachokohoa. Dawa yake ni ngumu kuikubali wakati wa baridi: acha tundu la paa na dirisha moja wazi upana wa kidole, usiku na mchana. Shemeji alilalamika kwamba wanalipia joto ili liende nje. Ni kweli, linakwenda nje, na maji yanakwenda nalo. Kila Jumamosi godoro lilisimamishwa wima lipate hewa.

Na pia ziko sumu zinazotoka kwenye tela lenyewe. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, idara ya dharura ya Marekani iitwayo FEMA iligawa matela zaidi ya 100,000 na nyumba nyingine za kuhamishika kwa watu waliopoteza makao. Watu wakaanza kulalamika macho kuwasha, vichwa kuuma, watoto kubanwa na pumzi. Wataalamu wa serikali walipopima 519 kati ya makao hayo, na matokeo kutangazwa Februari 2008, walikuta fomaldihaidi kwa kiasi cha wastani wa sehemu 77 katika bilioni, mara kadhaa ya ile ya nyumba za kawaida. Ilikuwa ikitoka kwenye gundi ya plaiwudi na chipbodi. Mengi ya matela hayo baadaye yaliuzwa kwa mnada yakiwa na karatasi ya onyo kwamba si ya kukaliwa, na mwaka 2010 mengine yalikutwa yamekaliwa na wafanyakazi waliokwenda kusafisha mafuta yaliyomwagika katika Ghuba ya Mexico. Karatasi ya onyo hubanduka. Nunua tela lenye harufu kali ya upya kama huna budi, lakini kaa nje nalo wiki kadhaa madirisha yakiwa wazi kabla hujalala humo na mtoto.

Friji nyingi za matela madogo huendeshwa kwa moto wa gesi. Kijana atashangaa moto unagandishaje barafu, lakini wazee waliotibiwa kwenye zahanati za misheni wanazikumbuka friji za mafuta ya taa zilizotunza chanjo, na kanuni ni ileile iliyobuniwa na Waswidi wawili mwaka 1922. Ndani yake amonia huzunguka kwa kuchemshwa na kushuka kwa uzito wake yenyewe, bila mota. Kwa sababu hiyo tela lazima liegeshwe sawa, bila kuinama. Likiinama, ile amonia inakwama, friji haipozi, na ikiachwa hivyo muda mrefu inaharibika moja kwa moja. Mdogo wangu alitumia bilauri ya maji juu ya meza kupimia, na vipande vya mbao chini ya gurudumu.

Umeme nitaupitia haraka. Betri ya kawaida ya asidi usiitumie zaidi ya nusu yake, vinginevyo unaiua, kwa hiyo betri ya ampia 100 ihesabu kuwa ni ya 50. Taa na simu hazina tatizo, kibao cha sola kinatosha. Pasi na birika la umeme visahau, isipokuwa umeunganishwa na umeme wa kambi.

Maji ndiyo somo ambalo Mwafrika hahitaji kufundishwa. Shemeji amekulia Tabata, amehesabu madumu ya lita 20 tangu utotoni. Lita 45 ziliwatosha wawili hao siku mbili na zaidi, kuoga kwa kopo, kuosha vyombo kwenye beseni, na maji ya mwisho ya kusuuza yakawa ya kwanza ya kuoshea kesho yake. Jirani yetu mmoja alioga bomba la mvua mara moja, tangi likalia. Angalizo mbili tu. Mpira wa maji ya kunywa uwe wa peke yake, usikutane kamwe na mpira wa kusafishia choo, hata ndani ya sanduku moja. Na baridi ya kugandisha ikikaribia, toa maji yote kwenye mabomba, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka na kupasua.

Choo chao kilikuwa cha kubeba, mithili ya dumu lenye kiti juu, na ilikuwa zamu ya mume kukimwaga kwenye shimo maalumu la kambi. Matela makubwa kidogo yana tangi la choo na koki yake. Koki hiyo ikae imefungwa mpaka tangi lijae au likaribie kujaa. Wavivu huiacha wazi wakiwa wameunganishwa na bomba la kambi, maji yakatangulia kutoka, yale mengine yakabaki yamejijenga kama kichuguu. Sitaendelea, pengine kuna mtu yuko mezani.

Utaliegesha wapi? Ardhi kubwa ya magharibi mwa Marekani iko chini ya serikali kuu, na sehemu nyingi mtu anaruhusiwa kukaa bure, kwa kawaida siku 14 katika kila siku 28, kisha ahame. Ndivyo tulivyofanya njiani, chini ya nyota, bila jirani. Lakini hospitali haziko jangwani. Anayefanya zamu atahitaji kambi ya kulipia karibu na mji, na baadhi ya kambi za watu binafsi hukataa tela lenye umri unaozidi miaka 10, hata likiwa safi, kwa kuwa hawapendi sura ya ufukara. Kulala barabarani mjini ni hatari nyingine. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Grants Pass jimboni Oregon, iliamua kwamba miji inaweza kuwatoza faini watu wanaolala kwenye maeneo ya umma, hata kama hawana pa kwenda. Hata uani kwa nduguyo uulize kwanza, maana halmashauri nyingi haziruhusu tela kuwa makao ya kudumu.

Na hili la mwisho mama amwambie mwanawe kabla hajalipa hata dola moja. Nyumba ya kuhamahama haina anwani, na Marekani mtu asiye na anwani anapata hasara za aina mbili. Ya kwanza ni ya kodi. Muuguzi wa mikataba hulipwa posho ya malazi isiyokatwa kodi kwa sharti kwamba ana makao yake ya kudumu mahali fulani na anayagharimia. Akivunja makao hayo na kuhamia kwenye tela moja kwa moja, mamlaka ya kodi humhesabu kuwa mtu asiye na kituo, na posho yote inakatwa kodi. Ile akiba aliyoifuata inaweza kumezwa hapo. Amwone mtaalamu wa kodi kwanza, kisha muuza matela. Ya pili ni ya uhamiaji. Karibu kila mtu asiye raia, hata mwenye kadi ya kijani, anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji anapohama, ndani ya siku 10, kwa fomu iitwayo AR-11. Anayehama kila wiki 13 anaijaza kila wiki 13, na barua zake zinahitaji mtu mwaminifu wa kuzipokea, kwani mwito wa kufika kuhojiwa ukirudi posta haumsubiri mtu. Mdogo wangu alikuwa akijaza fomu yake jioni ileile tuliyofika, kabla hata ya kuteremsha jeki za tela.